Unyevu wa Dhati na Unyevu wa Kigeni: Je, Maji na Barafu Vimelowa?

Suala la kuwa maji yenyewe yamelowa au hayakulowa, na la kuwa barafu nayo ihesabiwe upande upi, limejadiliwa kwa muda mrefu kuliko wanavyodhani wale wanaolizusha leo barazani na madarasani, na aghalabu wabishanao hawana habari kwamba nusu ya ugomvi wao ilikwisha kuamuliwa kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Katika karne ya nne kabla ya wakati huo, Aristotle wa Ugiriki aliandika kitabu juu ya kuzuka kwa vitu na kuharibika kwake, na humo, baada ya kuyajenga maumbile yote juu ya tabia nne, yaani joto, baridi, rutuba na ukavu, akaieleza rutuba kuwa ni tabia ya kitu kisichokuwa na mpaka wake chenyewe, bali kinachofuata kwa wepesi mpaka wa chombo kilichokichukua. Na ukavu akaueleza kuwa ni tabia ya kitu chenye mpaka wake kwa dhati, kilicho kizito kukubali umbo la kingine. Kisha, na hapa ndipo ilipo faida yetu, akatenga na rutuba hiyo hali mbili nyingine: hali ya kitu kilichobeba unyevu wa kigeni juu ya uso wake, na hali ya kitu ambacho unyevu huo wa kigeni umekipenya mpaka batini yake. Uzito wote wa maneno hayo umo katika ule ugeni.

Elimu hiyo ilipofika mikononi mwa Waarabu na Waajemi haikulala. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliifanya kuwa msingi wa utabibu wake, na kwa njia ya utabibu huo zile tabia nne zikasafiri na majahazi mpaka pwani yetu, ambako mgonjwa wa viungo angali akiambiwa hata leo kuwa ana baridi yabisi bila ya yeye wala jirani zake kumkumbuka Myunani yeyote. Wanafalsafa wa Kiislamu walijadiliana pia juu ya maana yenyewe ya rutuba, na walipotokea waliotaka kuieleza kwa kunata, wakasema kwamba kitu chenye rutuba ni kile kinachogandamana na kingine, walijibiwa kwa hoja ambayo mimi naiona kuwa ni nzuri mno: ingekuwa hivyo, asali ingeyashinda maji kwa rutuba, kwani asali hunata kuliko maji, na hakuna mwenye akili anayekubali hayo.

Basi kwa mujibu wa maana ile ya kwanza, maji yana rutuba kwa dhati yake, na hapana haja ya ushahidi. Lakini mwenye kuishika maana hiyo ni wajibu aishike mpaka mwisho wake. Akiishika mpaka mwisho atalazimika kukiri kwamba hewa nayo ina rutuba, maana hewa haina mpaka wake na hujaza kila chombo, na Aristotle mwenyewe alikiri hivyo bila kusita, akaipa hewa fungu kubwa la rutuba na maji fungu kubwa la baridi. Atalazimika kukiri kwamba zebaki ina rutuba, na kwamba barafu, kwa kuwa ina mpaka wake, ni kavu hata pale inapochuruzika mkononi. Hayo yote si upuuzi, ni istilahi iliyokamilika. Ila si jambo ambalo muulizaji wa leo analiulizia. Yeye ameiona kanga ikitolewa karaini, imekuwa nzito na rangi yake imekoza, na anataka kujua kama hali ile ya kanga ndiyo hali ya maji yaliyobaki karaini. Anauliza juu ya unyevu wa kigeni, na jawabu lake halipatikani kwa kumwonyesha unyevu wa dhati.

Hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa wale wanaosema kwamba maji yamelowa ni ile kanuni ya kale ya wanamantiki, kwamba asiye na kitu hawezi kukitoa. Maadamu maji ndiyo yanayoipa kanga kulowa kwake, wanasema, lazima yawe nako kwanza, tena kwa wingi zaidi. Kanuni yenyewe ni sahihi na siikanushi. Lakini tuangalie ni kitu gani hasa kilichotolewa: maji hayakuipa kanga hali ya kulowa, yaliipa maji. Maji ndiyo yaliyokuwa nayo, na maji ndiyo yaliyoyatoa. Hali ile mpya, ya uzito na ubaridi na kukoza kwa rangi, imezuka kwa mkutano wa viwili, uzi na maji, na kabla ya mkutano haikuwa kwa huyu wala kwa yule.

Wapo wanaoijongelea hoja hiyo kwa njia nyingine, wakisema kwamba kila sehemu ya maji imezungukwa na maji, na kilichozungukwa na maji ni kilicholowa. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na sidhani kama kuna jambo linalostahili methali hiyo kuliko hili. Katika maji, kila molekuli imeshikana na wenzake wapatao wanne kwa viungo vinavyovunjika na kufungika upya mara nyingi mno katika muda mfupi usioweza kutambulika kwa jicho, hata hapana wakati ambapo mtu angeweza kupitisha mstari na kusema, huku ni maji yanayolowesha na huku ni maji yanayoloweshwa. Kulowa kunahitaji mpaka: upande mmoja mwenyeji, na upande wa pili mgeni, na ndani ya maji mpaka haupo.

Kwamba kulowa ni uhusiano wa vitu viwili si sifa ya kimoja, jambo hilo lilipata vipimo vyake mwaka 1805, wakati Thomas Young, tabibu wa Uingereza ambaye pia alishughulika na maandishi ya Misri ya kale, alipotoa maelezo yake juu ya kushikamana kwa vimiminika. Tone likiwekwa juu ya kitu kigumu, alisema, ukingo wake hukutana na uso wa kitu kile kwa pembe maalumu, na pembe hiyo hutokana na mashindano ya nguvu za nyuso tatu, uso wa tone na hewa, uso wa kitu na hewa, na uso wa tone na kitu. Pembe ikiwa ndogo kuliko nyuzi 90, tone hutandaa, na husemwa kwamba limekilowesha kitu. Ikizidi nyuzi 90, tone hujikunja, na kitu kinahesabiwa kuwa hakikulowa ijapokuwa maji yako juu yake. Juu ya kioo kilichosafishwa vizuri pembe ya maji hukaribia sifuri. Juu ya jani la mjimbi huzidi nyuzi 150, na ndiyo maana mvua inyeshapo bondeni kwenye majimbi, maji hukusanyika katikati ya jani kama ushanga mmoja mkubwa, na jani likiinamishwa huanguka yote, na mtu akilipitishia kidole jani lile huliona ni kavu kabisa. Uso wa jani hilo umejaa vinundu vidogo vilivyopakwa nta, na tone hukaa juu ya ncha zake, na chini ya tone, katika sehemu kubwa, pana hewa.

Jani la mjimbi linatosha kuwaaibisha wale wanaosema kwamba kuguswa na maji ndiko kulowa, lakini lipo jambo la ajabu zaidi, nalo ni zebaki. Zebaki ni kimiminika kwa kila kipimo cha Aristotle, na hata hivyo mtu akiimwaga juu ya meza ya kioo, hujikunja kwa pembe ya nyuzi zipatazo 140, ikaviringika na kukimbia bila kuacha alama, na meza ikabaki kavu kama ilivyokuwa. Je, tuseme zebaki haiwezi kulowesha? Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita wanajua kwamba inaweza, kwani kazi yao yote ya kuiokota dhahabu katika mchanga uliosagwa imesimama juu ya hilo, kwamba zebaki ile ile inayokataa kioo huikumbatia dhahabu, ikatandaa juu yake, ikachanganyika nayo, mpaka hapo inapochomwa kwa moto ikaondoka kwa mvuke wenye sumu unaowadhuru wao na watoto wao. Kimiminika kimoja, chenye dhati moja, kinalowesha hiki na hakiloweshi kile. Basi vipi kulowesha, sembuse kulowa, kutakuwa sifa ya dhati?

Hata kitu na maji vikiwa ni vile vile, joto laweza kugeuza hukumu. Johann Gottlob Leidenfrost, tabibu wa Kijerumani, alieleza mwaka 1756 jinsi tone la maji linavyokaa juu ya kijiko cha chuma kilichotiwa moto mpaka kikawa chekundu: halichemki likaisha mara moja, bali hujiviringa na kuchezacheza kwa muda, kwa sababu sehemu yake ya chini imegeuka mvuke, na mvuke ule umelibeba. Kila mpishi wa chapati amewahi kuliona jambo hilo anaponyunyiza maji kupima moto wa chuma. Tone limo chumani, na chuma ni kikavu.

Hapa yafaa kutaja, kwa ufupi, kwamba hisi zetu si kadhi wa kutegemewa katika kesi hii. Ngozi ya binadamu haina kiungo chochote cha kuhisi unyevu. Wadudu kama mende wamejaaliwa nacho, sisi hatuna, na tunachokiita kuhisi unyevu ni hukumu ya ubongo uliounganisha ubaridi na mguso. Mwanasaikolojia mmoja, Bentley, alionyesha mwaka 1900 kwamba mtu aliyefunikwa kidole kwa utando mwembamba wa mpira na kukitia katika maji, huhisi kidole chake kimelowa ilhali ni kikavu. Kila aliyepata kuzitoa nguo kambani alfajiri ya mwezi wa Julai huko Lushoto, akazibinyabinya asijue kama zimekauka au ni baridi tu, amekwisha kuufanya mtihani huo bila mwalimu. Kwa hiyo yule anayesema kwamba maji yamelowa kwa kuwa akiyagusa anahisi hivyo, ajue kwamba anachokihisi, ikiwa kweli anakihisi, ni kulowa kwa mkono wake.

Kwa maoni yangu, waliolishughulikia suala hili kwa uangalifu mkubwa kuliko wote si wanafizikia wala wanafalsafa, bali ni mafakihi, kwa sababu wao walilazimika kutoa hukumu ambayo watu wangeitumia alfajiri ile ile. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa Waislamu wa pwani yetu, najisi haiambukizi baina ya kikavu na kikavu. Lazima pawe na unyevu upande mmoja au wa pili, na katika kanuni hiyo kulowa kumechukuliwa waziwazi kuwa ni hali ya kitu kilichobeba kisichokuwa chake na kinachoweza kukikabidhi kwa mwingine. Na juu ya barafu walikwenda mbali zaidi. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na ambaye kitabu chake cha Minhaji kimesomeshwa vizazi kwa vizazi katika Lamu, Mombasa na Unguja, alilichunguza katika kitabu chake kingine kikubwa suala la mtu anayetawadha kwa theluji au kwa mvua ya mawe. Ikiwa theluji ile inayeyuka kwa joto la mwili na maji yake yakapita juu ya kiungo, udhu wake ni sahihi. Ikiwa haiyeyuki na haipiti, haitoshi kwa viungo vinavyopasa kuoshwa, kwani kuosha sharti lake ni maji yatiririke, ila yatosha kwa kupaka kichwa, kwani kupaka sharti lake ni unyevu tu.

Namwomba msomaji atue kidogo juu ya hukumu hiyo, maana imegawa kwa kisu kikali. Haikusema kwamba theluji si maji. Jinsi yake ni maji, na Mtume mwenyewe katika dua ya kufungulia sala aliomba asafishwe makosa kwa maji na theluji na mvua ya mawe, akavitaja vyote pamoja. Wala haikusema kwamba theluji ni sawasawa na maji. Iliuliza swali moja, je, yametiririka, na kwa swali hilo ikatenga daraja tatu: barafu kavu isiyotoa kitu, barafu yenye unyevu wa kupakia tu, na barafu ambayo maji yake yamejitenga nayo yakenda zao. Wanafizikia walifika kwenye daraja hiyo ya katikati baada ya karibu miaka mia sita.

Walifika kwa mlango wa Michael Faraday, ambaye jioni ya tarehe 7 Juni 1850, katika Taasisi ya Kifalme ya London, aliwaonyesha wasikilizaji wake kwamba vipande viwili vya barafu vinavyoyeyuka, vikigusanishwa, hushikana vikawa kimoja. Faraday alieleza kwamba uso wa barafu hauko kama batini yake. Juu yake pana utando mwembamba wa umajimaji, ambao ukiachwa wazi hubaki hivyo, na ukibanwa katikati ya barafu mbili huganda. Hakuaminiwa na wengi. James Thomson alikuwa amekwisha kuonyesha kwa hesabu kwamba mgandamizo hushusha kiwango cha kuganda kwa maji, na ndugu yake William, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, akalithibitisha hilo kwa majaribio. Basi kwa muda mrefu utelezi wa barafu ulielezwa kwa uzito wa anayeikanyaga, ingawa kuyeyusha barafu kwa kushusha nyuzi moja tu hutaka mgandamizo uzidi ule wa hewa tunayoivuta kwa zaidi ya mara 130, jambo ambalo kiatu cha binadamu hakiliwezi. Mwaka 1939 Bowden na Hughes walionyesha kwamba joto la msuguano lina sehemu kubwa zaidi, na baadaye, vyombo vya kupimia kwa mionzi vilipopatikana, utando wa Faraday ukaonekana: makumi ya nyuzi chini ya sifuri hauna unene zaidi ya molekuli moja au mbili, na kadiri barafu inavyoisogelea sifuri ndivyo unavyonenepa.

Basi barafu iliyovaa utando huo imelowa au haikulowa? Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, kwa kuwa ule unyevu si wa kigeni kwa asili. Umetoka katika barafu yenyewe. Mwenye kushika neno la Aristotle kwa ukali atasema haikulowa kamwe, hata ikielea ndani ya bilauri. Mimi siafikiani naye, kwani ugeni hauhesabiwi kwa asili bali kwa mpaka, na maji yaliyokwisha kuyeyuka yakatiririka yamevuka mpaka, yakawa na uso unaoyatenga na barafu iliyoyazaa, hata imeonekana kwamba maji hayatandai juu ya barafu kikamilifu, bali katika hali fulani hubaki na pembe ndogo, kama yafanyavyo juu ya kitu cha kabila jingine. Lakini utando wa molekuli moja au mbili haujafika hapo: molekuli zake zingali zimefungamana kwa chini na mpango wa barafu, si huru kama za maji wala hazikutulia kama za barafu, na hautiririki. Huo si mgeni. Ni ngozi ya barafu. Barafu iliyomo katika jokofu lenye ubaridi wa nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hukumu yangu, ni kavu, na anayeishika kwa kidole chenye jasho akaona kidole kimeng'ang'ania, asiseme kwamba barafu ilikuwa na majimaji, kwani majimaji yalikuwa ya kidole, na barafu imeyagandisha.

Sisi watu wa nchi za joto tumezoea kuiona barafu pale tu inapokufa, juu ya sinia la samaki au ndani ya glasi ya maji ya ndimu, na kwa hiyo tunadhani kulowa ni tabia yake. Tungeinua macho kuelekea Kibo tungejifunza mengine. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na habari yake ikapingwa London na Cooley, mwanajiografia ambaye hakukubali kuwa theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta, Wachaga walikuwa na maarifa yao ya tangu zamani, kwamba kile kilichong'aa kama fedha, kikiteremshwa bondeni katika chombo, huwa maji matupu. Lakini kule juu kwenyewe mambo si hivyo. Kituo cha kupimia hali ya hewa kilichowekwa mwaka 2000 juu ya barafu ya Kaskazini kimeonyesha wastani wa ubaridi wa nyuzi kama 7 chini ya sifuri, katika hewa kavu na jua kali; na katika hali hiyo sehemu kubwa ya barafu, hasa kuta zake zilizosimama wima, huondoka kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia umajimaji, ijapokuwa njia hiyo hugharimu joto zaidi ya mara nane ya lile la kuyeyusha tu. Barafu hiyo hupungua, na hupungua sana, maana eneo lake lililokuwa kilomita za mraba 12 mwaka 1912 lilikuwa limeshuka chini ya 2 mwaka 2007, na kwa kiasi kikubwa imepungua ikiwa kavu.

Hata hivyo kilele kimoja hakikutoa hukumu moja. Mwaka huo huo wa 2000, Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake walipotoboa barafu za Kibo ili kusoma humo tabia ya nchi ya zamani, waliikuta ile ya Furtwängler, iliyo ndogo na iliyokaa peke yake karibu na shimo la volkeno, imejaa maji katika unene wake, tofauti na barafu kubwa ya Kaskazini. Maji hayo yalikuwa yamekwisha kuyeyuka, kutiririka na kupenya, na kwa sharti la mafakihi na kwa ile daraja ya mwisho ya Aristotle pia, barafu ya Furtwängler haikuwa imelowa juu tu, ilikuwa imelowa mpaka batini yake, wakati ambapo mwenzake, katika mlima ule ule na chini ya jua lile lile, alikuwa mkavu.